Muvi ya Sikukuu na Aliye Mbali na Rimoti



Shule zimefungwa. Watoto wa bweni wamesharudi na masanduku yao, wageni kutoka mikoani wanaendelea kushuka stendi, na kwa wiki mbili tatu hizi nyumba nyingi zitakuwa na watu wengi kuliko vitanda. Jioni, vyombo vikishaondolewa, watu hao wote wataishia sebuleni mbele ya TV. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo naona hatulipi uzito wake: tuangalie nini?

Katika nyumba nyingi jibu hutolewa na mtu mmoja, naye ni yule aliyewahi kuishika rimoti. Mara nyingi ni kijana wa kidato cha nne au cha sita, au ni baba mwenye nyumba. Anaweka anachokipenda yeye. Baada ya dakika ishirini bibi kasinzia, shangazi kakumbuka kazi ya jikoni, wadogo wanasukumana nyuma ya kochi, binti mkubwa kainamia simu yake. Muvi inaendelea, lakini imebaki na mtazamaji mmoja.

Rai yangu kwenu jioni ya leo ni hii. Muvi ya sikukuu ichaguliwe kwa kumfikiria yule aliye mbali zaidi na rimoti. Katika kila nyumba mtu huyo yupo. Anaweza kuwa bibi asiyejua Kiingereza, mtoto wa miaka sita, mama mkwe aliyekuja kwa mara ya kwanza, au yule msichana wa kazi anayekaa kwenye kigoda karibu na mlango na ambaye hakuna anayemwuliza anapenda nini. Mkimpata yeye, wengine wote mtakuwa mmewapata. Mkimkosa, mmeweka picha ya mtu binafsi katika sebule ya watu kumi.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Tunasahau kwamba maandishi yale yanayopita chini ya picha yanamtaka mtu awe na mambo matatu kwa pamoja: ajue kusoma, asome upesi, na macho yake yawe mazima. Bibi wa miaka sabini na tano anaweza kuwa msomaji mzuri wa msahafu au wa Biblia, lakini maandishi madogo yanayokaa kwenye kioo kwa sekunde mbili na kuondoka si ya kwake. Mtoto wa darasa la pili naye bado anasoma silabi kwa silabi. Kwa hiyo ukiweka muvi ya Kikorea yenye maandishi ya Kiingereza, umeshawatoa wawili hao nje kabla stelingi hajatokea.

Afrika Mashariki imelijibu tatizo hili kwa ubunifu ambao binafsi nauheshimu sana. Dar es Salaam, katika mabanda ya video, alisikika Lufufu, mtu aliyezichukua picha za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani akazisimulia kwa Kiswahili, sauti moja ikibeba stelingi, adui, mama mzazi na polisi. Kenya wanaye DJ Afro, ambaye sauti yake imepita kila kibanda kuanzia Nairobi hadi vijiji vya mbali. Uganda kuna wale wanaoitwa maveejay, wanaofanya kazi hiyo hiyo kwa Kiganda. Wasomi fulani waliwahi kuwadharau, wakisema wanaharibu kazi ya sanaa kwa kuongeza maneno yasiyokuwemo. Ni kweli wanaongeza. Wanampa adui jina la mtaani, wanamkemea stelingi akichelewa, wanamweleza mtazamaji kwamba huyu bwana asiamini, rafiki yake anamzunguka. Lakini mtu aliyekaa na wazee mbele ya picha ya aina hiyo anajua kinachotokea: wazee wanajibu. Wanabishana na TV. Msimulizi amewarudishia kitu walichokuwa nacho zamani, hadithi inayosimuliwa na mtu anayewajali wasikilizaji wake.

Vituo vya televisheni navyo vimejifunza somo hilo. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Ni habari za binti aliyeolewa Beijing na vita vyake vya kila siku na mama mkwe. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja. Baada yake zimekuja za Kituruki, zenye masultani na vilemba vikubwa, nazo zinazungumza Kiswahili fasaha kuliko cha baadhi yetu. Hapakuwa na uchawi. Mama mkwe yupo Beijing, yupo Istanbul, yupo Tandika. Kilichokuwa kinakosekana ni sauti tu.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kubonyeza chochote ni: je, kila aliyekaa hapa ataelewa kwa masikio yake? Kama jibu ni hapana, ziko njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta picha isiyotegemea maneno. Charlie Chaplin hana mkalimani wala hamhitaji. Picha yake The Kid, ya mwaka 1921, inamhusu mzururaji maskini anayeokota mtoto mchanga aliyetupwa na kumlea katika chumba kimoja. Ina zaidi ya miaka mia moja, haina rangi, haina sauti ya mtu hata mmoja, lakini kipande kile cha watu wa serikali kuja kumchukua mtoto kinamshika mtu wa umri wowote kooni. Iko bure mtandaoni na ni ya kama saa moja tu.

Njia ya pili ni kumpa mtu wa nyumbani kazi ya kusimulia, na hii naipenda zaidi. Yule kijana wa kidato cha nne anayejua Kiingereza, badala ya kumnyang'anya rimoti na kumnunisha, mwambie akae karibu na bibi yake awe msimulizi wa usiku huo. Atajikongoja dakika kumi za mwanzo. Kisha ataanza kuigiza sauti. Nimeona vijana wakimya kabisa wakiamka kwa njia hiyo, na nimeona wajukuu na bibi waliokuwa wakisalimiana tu asubuhi wakipata cha kuzungumza kwa wiki nzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hulionea haya kulitaja redioni. Mmekaa wote, baba mkwe kulia, shemeji kushoto, watoto chini kwenye mkeka. Ghafla watu wawili ndani ya TV wanaanza kuvuana nguo. Kila mtu anakumbuka kitu cha kutazama ukutani. Mwenye rimoti anabonyeza, anabonyeza vibaya, picha inasimama pale pale. Wengine husema dunia imebadilika, tuzoee. Mimi sikubaliani nao. Staha mbele ya wakwe na watoto ni sehemu ya namna tunavyoishi pamoja, na mtu mzima anayewaandalia wenzake picha ana wajibu wa kujua ndani yake kuna nini. Vibao vya umri vipo. Bodi ya Filamu Tanzania inapanga picha kwa madaraja, na bodi ya Kenya inaweka alama zake: GE kwa watu wote, PG kwa watoto walio pamoja na mzazi, kisha 16 na 18. Alama hizo ni mwanzo tu. Bora zaidi ni mtu mmoja mzima kuitazama picha siku moja kabla, akiwa peke yake, hata kwa kuirukaruka. Nusu saa yake itawaokoa watu kumi.

Na hatari si mapenzi peke yake. Ajabu yetu ni kwamba tunakurupuka kufunika macho ya mtoto watu wakibusiana, halafu tunamwacha aangalie mtu akikatwa shingo. Mtoto wa miaka saba anayekwenda kulala na picha ya kichwa kilichokatwa hataamka mwenyewe usiku. Atawaamsha na ninyi.

Lakini picha ya kumfaa kila mtu si jambo geni kwetu: picha za Kihindi ndizo zilizotufundisha kukaa pamoja. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameandika kwa kina jinsi watu wa Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine ya nchi hii walivyoyajaza majumba ya sinema, familia nzima nzima, wanawake kwa wanaume. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliwagusa watu wa pwani hata wasiojua Kihindi neno moja. Kwa nini? Kwa sababu inazungumzia baba anayemkana mke na mtoto, na kijana anayetaka kuoa kwa moyo wake. Hayo yalikuwa mazungumzo ya kila baraza. Picha zile zilikuwa na chakula cha kila mtu: nyimbo kwa wanaopenda nyimbo, ngumi kwa wavulana, kilio kwa wanaotaka kulia, mchekeshaji kwa watoto. Wachambuzi wengi huuita mchanganyiko huo udhaifu. Kwa nyumba yenye watu kumi ndio uimara wake.

Tena zilikuwa na mapumziko. Sholay ya mwaka 1975 inazidi saa tatu, na katikati ina mahali pa kusimama. Nawasihi mrudishe desturi hiyo nyumbani. Saa moja ikipita, simamisheni. Watu waende maliwatoni, chai imiminwe, watoto wabishane nani ni msaliti. Mkirudi, kila mtu ana lake la kuthibitisha. Picha isiyosimama inawafanya watu wakae kimya, na kimya hicho ndicho kinachowapeleka kwenye simu.

Mtaniuliza, haya, wewe ungeweka zipi? Nitataja chache, na nitasema sababu.

Ya kwanza inatoka Iran: Children of Heaven, ya Majid Majidi, mwaka 1997. Mvulana wa Tehran anapeleka viatu vya dada yake kwa fundi, anavipoteza njiani, na anaogopa kumwambia baba kwa kuwa anajua baba hana fedha. Wanakubaliana kutumia raba moja: dada anavaa asubuhi, kaka mchana, wakibadilishana kichochoroni kwa kukimbia. Hayo ndiyo yote, kwa dakika 89. Maneno ni machache, na nyuso zinaeleza. Sijui mzazi wa Afrika Mashariki ambaye hajui uzito wa jozi moja ya viatu vya shule mwezi wa Januari. Mtoto aliyezoea kudai raba za kampuni fulani, mwekeni mbele ya picha hii, kisha msimwambie lolote. Msiipachike hotuba. Aachwe alale nayo.

Ya pili ni ya Kenya, Supa Modo, ya Likarion Wainaina, mwaka 2018. Msichana mdogo aitwaye Jo ni mgonjwa sana, na anapenda picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama anamrudisha nyumbani kutoka hospitali, dada mkubwa anaamua kwamba mdogo wake hatazimaliza siku zake akiwa kitandani, na kijiji kizima kinajiunga kutengeneza sinema ambayo shujaa wake ni Jo mwenyewe. Ni ya dakika 74. Nawatahadharisha kwamba itawaliza, na kama nyumba yenu ina msiba mbichi, iacheni kwa mwaka mwingine. Lakini sijaona picha nyingine inayoeleza vizuri hivyo kwa nini watu maskini wanahitaji sinema.

Queen of Katwe ya Mira Nair, mwaka 2016, ni ya saa mbili na kidogo, nayo inafaa zaidi wasichana wa umri wa shule ya msingi ya juu. Ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, binti muuza mahindi wa Katwe, Kampala, anayejifunza sataranji na kuwa bingwa. Lupita Nyong'o anacheza mama yake. Inazungumza Kiingereza, kwa hiyo mpeni kijana wenu kazi yake ya usimulizi.

Wengine watapendekeza The First Grader, kuhusu mzee Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 84 baada ya serikali ya Kenya kutangaza elimu ya msingi bila malipo. Oliver Litondo, ambaye Wakenya wa rika fulani wanamkumbuka akisoma taarifa ya habari, anaibeba picha ile kwa heshima kubwa. Naipenda. Ila ndani yake mna kumbukumbu za mateso ya wakati wa Mau Mau, na hayo si ya mtoto mdogo. Iwekeni watoto wakishalala, babu akiwa macho. Huenda mkasikia kutoka kwake mambo ambayo hamjawahi kumwuliza.

Na kwa usiku wa watu wazima wenyewe, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmin anaikimbia ndoa ya mume mzee, anakutana na Denge anayepigania uhuru. Vijana wa kidato cha tano na cha sita wameikuta riwaya darasani na wengi wameisoma kwa kukariri wahusika na dhamira ili wajibu mtihani. Hapa wataiona mitaa, mwanga, taarabu na khofu ya askari wa mkoloni. Haiendi mbio, na mtu aliyezoea ngumi atalalamika dakika za mwanzo. Mwombeni avumilie. Ni Kiswahili cha kwetu, kimesemwa na watu wanaokijua, na picha hiyo ilifika hadi tamasha la Toronto.

Nikishaitaja hiyo, niseme neno kuhusu fedha. Soko letu la filamu lilipanda upesi baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, likabebwa na vipaji kama Steven Kanumba hadi alipofariki Aprili 2012, na likaumizwa sana na kunakili. Muvi ya mtu aliyeuza shamba ili aitengeneze ilikuwa sokoni kwa nakala za wizi kabla yeye hajarudisha hata nauli. Tukiingiziwa picha hamsini kwenye flashi kwa bei ya soda, msanii wa kwetu hapati hata senti. Sikukuu moja, picha moja ya nyumbani, lipeni. Kama ni kwa king'amuzi, kama ni kwa kuikodi mtandaoni, kama ni kwa kumpata mtengenezaji mwenyewe kupitia simu yake, kama wengi wanavyouza siku hizi. Walipeni.

Kuhusu bando sitakaa sana. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB tatu kwa saa kwa picha ya ubora wa juu. Picha ya saa mbili kwa ubora huo ni kifurushi cha watu wengi cha wiki nzima. Shusheni ubora kwenye mipangilio, au pakueni usiku bando likiwa nafuu. Hilo litawasaidia pia umeme au mtandao ukisumbua jioni ambayo nchi nzima iko mtandaoni.

Familia za dini zina mila zao, nazo ni njema. Kuna nyumba ambazo Idd haipiti bila Ar-Risala ya Moustapha Akkad, iliyopigwa mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kila moja na waigizaji wake, Mtume mwenyewe asionekane wala asisikike. Kuna nyumba ambazo Krismasi ni ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na ambayo ina sauti za Kiswahili. Mtu akisema hizo ameziona mara ishirini, mwambieni kuna mtoto hapa anaiona mara ya kwanza.

Nao vijana wasisahauliwe. Nimemtoa kijana kwenye rimoti, basi nimpe usiku wake. Usiku mmoja uwe wake kabisa: achague yeye, na ninyi wazazi mkae mpaka mwisho, simu zikiwa mbali. Hata kama ni magari yanayoruka kutoka ghorofa hadi ghorofa. Mwulizeni kwa nini anampenda yule jamaa, na msikilize jibu. Mtajifunza kuhusu mtoto wenu kuliko ripoti ya shule itakavyowaambia.

Iko picha moja ambayo hakuna duka linaloiuza. Katika kabati nyingi, chini ya sahani za wageni, kuna kanda ya harusi ya wazazi, ya mwaka 1988 au 1995. Deki iliyoicheza ilishakufa. Ndani ya kanda hiyo kuna babu akicheza ngoma, kuna shangazi ambaye hayupo tena, kuna mama akiwa na miaka ishirini na tatu. Kanda za aina hiyo zinachakaa hata zikiwa zimelala. Ukungu unazila, hasa kwa hali ya hewa ya pwani. Wako mafundi wa studio za picha za harusi wanaozihamishia kwenye flashi, karibu katika kila mji mkubwa. Ipelekeni wiki hii, msingoje sikukuu yenyewe, kwa sababu mwezi wa Desemba mafundi hao wako kwenye harusi kila Jumamosi. Na mkiipata, mwulizeni bibi majina ya watu wote wanaopita mbele ya kamera, mmoja awe na kalamu aandike.